Jeonju, Korea Kusini: birika la makgeolli (pombe ya mchele) linaagizwaje?

Mgeni wa Jeonju
Wakuu, tuko watatu, tuna jioni moja mjini. Twende mtaa gani, na tuagize vipi ili tusiumie mfukoni?

Kibuyu
Nendeni Samcheon-dong. Kule huagizi chupa, unaagiza birika, na vyakula vinakuja nalo kwenye bei hiyohiyo. Birika la kawaida linabeba chupa tatu za mililita 750. Kosa la wageni ni kuagiza chakula cha ziada mapema: meza inajaa, kisha birika la pili linaleta sahani nyingine, mara nyingi nzuri kuliko za kwanza. Anzeni na birika moja, na mwende mkiwa na njaa. Aliye peke yake atalipia meza nzima, ila nyie watatu mnatosha kabisa.

Mama Mchele
Ulizeni kama wana makgeolli ya juu, ile iliyotulia ikawa safi bila machicha. Ile nyeupe ikorogwe taratibu kabla ya kumimina. Isiyochemshwa bado inachacha ndani ya chupa. Ukiitikisa na kufungua ghafla, inafoka mezani. Kilevi ni kama asilimia 6, lakini utamu wake unaficha nguvu. Mkubwa akikumiminia, pokea bakuli kwa mikono miwili.

Kibuyu
Mkitaka bia, tafuteni gamaek: duka la kawaida lenye meza chache, bia ya chupa na samaki mkavu wa kuchoma. Asubuhi, supu ya chipukizi za soya na moju, makgeolli iliyochemshwa na tangawizi na mdalasini hadi kilevi karibu kiishe.