Naombeni ushauri: Sedona (Arizona) na mama wa miaka 63, watoto wawili na Corolla ya zamani

Mtoto wa Kalenga

Wakuu, habari za wikiendi. Nipo Phoenix mwaka wa tatu huu na nitasema ukweli, Sedona sijawahi kufika. Ile miamba myekundu naiona kwenye kalenda ya kazini tu. Sasa mama amekuja kunitembelea kutoka Iringa, ana miaka 63, yuko fiti ila goti la kulia linamsumbua akishuka ngazi. Kupanda hana shida. Shemeji naye yupo, kanunua droni, tangu juzi nyumbani hatulali. Watoto ni wa miaka 9 na 6.

Mpango wangu wa Jumamosi ijayo: tunywe chai vizuri, tutoke saa tatu asubuhi, saa tano tuko Sedona. Tunapanda Cathedral Rock, tunakula, jioni Devil's Bridge tukapige picha juu ya lile daraja la mwamba. Maji nimeshanunua katoni ya chupa ndogo. Gari ni Corolla ya 2006, AC inapuliza kama mpya.

Naombeni ushauri: njia gani mama ataiweza? Viingilio vikoje? Na huyu wa miaka 9 ananiuliza kwa nini mawe ni mekundu. Nimemwambia nitamjibu kesho, leo siku ya nne.

Fundi Bomba

Saa tano asubuhi, mwezi wa sita, Arizona. Mkuu, unampeleka mama kutembea au kumbanika?

Mama Junior

Mpe mama shikamoo yangu. Sedona nimeenda mara nyingi, tena mara ya kwanza nilifanya huu huu mpango wako, ndiyo maana naandika kirefu.

Shida yako ya kwanza ni saa. Sedona iko juu, kama mita 1,300, kwa hiyo kuna nafuu kuliko Phoenix. Lakini nafuu ya Juni ni nyuzi 35 badala ya 41, na ile miamba ikishashika joto inakurudishia kutokea chini, unapigwa juu na chini kama mkate kwenye oveni. Tokeni saa kumi alfajiri. Ni kilomita 185 hivi, barabara ya I-17 kisha mnachepuka kuingia 179. Saa kumi na mbili na kitu mnaanza kutembea, saa nne mmemaliza. Chai mnywe kwenye chupa njiani.

Cathedral Rock ni fupi, kwenda ni kama kilomita moja tu, ndiyo maana watu wanaidharau. Kwenye hiyo kilomita unapanda zaidi ya mita 200. Kuna mahali mwamba umepasuka, unajibana kwenye mwanya na kupanda kwa mikono na miguu, ncha ya kiatu unaitafutia kishimo. Kupanda mama ataweza. Kurudi watu wanashuka kwa makalio, na wewe mwenyewe umesema goti linauma akishuka. Nimewahi kumkuta mtu mzima kakaa juu ya ule mwanya na mkoba wake mapajani, anawaangalia wenzake chini, hashuki wala hapandi. Usimfanyie mama hivyo.

Halafu kwa siku za Alhamisi mpaka Jumapili, maegesho ya pale Cathedral hufungwa. Unaacha gari kwenye kituo cha nje na kupanda basi dogo la bure. Angalia ratiba kabla hujatoka, inabadilika na msimu.

Mama mpeleke Bell Rock Pathway. Njia pana, mteremko mdogo, na mwamba wenyewe, kengele kabisa, uko mbele yako muda wote. Ukitaka kuongeza, unazunguka na mwamba wa jirani, Courthouse Butte, kama kilomita sita na nusu mzunguko mzima, lakini mama akichoka mnageuza popote. Pale kibali cha kuegesha, Red Rock Pass, ni dola 5 kwa siku. Unalipa kwenye mashine, karatasi unaiweka kwenye dashibodi ionekane.

Chalii wa Njiro

Devil's Bridge nendeni tu, rahisi sana. Mnaendesha mpaka karibu kabisa na daraja, mnatembea kidogo mmefika. Sisi tulienda hivyo.

Fundi Bomba

@Chalii mlienda na gari gani?

Chalii wa Njiro

Jeep ya kukodi.

Fundi Bomba

Ndiyo hapo sasa. Ile barabara ya Dry Creek lami ikishaisha ni mawe matupu, ngazi kwa ngazi. Corolla ya 2006 itaacha sampo pale. Mwenye gari ndogo anaanzia maegesho ya Mescal au ya Dry Creek Vista, kwenda na kurudi ni kilomita sita na zaidi, na mwisho kuna kipande cha kupanda ngazi za mwamba. Ukifika juu kuna foleni ya picha. Nasema foleni kweli, kama ya benki mwisho wa mwezi. Kila mtu anangoja zamu yake akasimame peke yake juu ya daraja aonekane jasiri.

Na hiyo AC, ile milima ya I-17 baada ya Black Canyon City izime ukiona sindano ya joto inapanda. Kuna hadi vibao vya kukukumbusha.

Kivu_Tucson

Ndugu, mimi natoka Bukavu, niko huku Tucson. Ile katoni ya chupa kidogo haiwezi tosha watu watano. Jua ya huku inakausha jasho mbele ujue umetoka jasho, unafikiri uko sawa kumbe umekwisha. Kwa joto, mtu mukubwa moja anataka lita moja kila saa. Beba dumu mbili zikae kwa gari na barafu, na kila mutu abebe yake. Tena maji ikifika nusu, munarudi, hata kama munaona mwisho wa njia na macho. Na karanga za chumvi kwa watoto, si biskuti tupu.

Mwl. Mstaafu

Nimjibu huyo mjukuu, maana siku nne ni nyingi.

Mwambie ni kutu. Kweli kabisa, ni kutu ile ile ya bati la jikoni. Miamba ile ilikuwa mchanga, zamani za miaka milioni 280 hivi, wakati pale palikuwa ukanda wa pwani na vilima vya mchanga unaohamishwa na upepo. Mchanga ukagandamana ukawa jiwe, na maji yaliyopita ndani yake yakaacha chuma kidogo sana. Chuma kikapata oksijeni, kikashika kutu, na kila punje ikavaa koti jembamba jekundu. Ndani punje ni nyeupe tu. Akiangalia juu ya milima ataona tabaka jeupe limekaa juu ya jekundu. Ule nao ulikuwa mchanga wa jangwa, ila haukupata lile koti.

Mama yako atakuwa anaijua Isimila ya kwao Iringa. Zile nguzo za udongo zimechongwa na maji na upepo, na hawa wa Sedona mchongaji wao ni huyo huyo, isipokuwa amepewa jiwe gumu na muda mrefu zaidi.

Mtoto wa Kalenga

Mwalimu shikamoo, asante sana. Nimemsomea. Sasa ameuliza kutu ya pikipiki ya baba mdogo nayo itageuka mlima lini.

Basi Cathedral tunaiangalia kwa mbali. Shemeji anauliza droni ataruka nayo Bell Rock?

Mama Junior

Asithubutu. Bell Rock na Courthouse Butte ziko ndani ya Munds Mountain Wilderness, nyika iliyolindwa kwa sheria tangu 1984. Mle ndani hakuna kitu cha mota, droni haipai wala haitui, hata baiskeli haziruhusiwi. Upande wa pili wa mji kuna Red Rock-Secret Mountain Wilderness, sheria ni hizo hizo. Aache droni nyumbani, abebe mtoto wa miaka 6 mgongoni, ndiye atakayechoka wa kwanza.

Na muwaambie watoto wasitoke njiani. Ule udongo mweusi wenye vipele vipele pembeni ni kitu hai, vijidudu na kuvu vinavyoushika mchanga usipeperuke. Kiatu kimoja tu kinaharibu kilichoota miaka mingi. Njia yenyewe utaijua kwa mirundo ya mawe iliyofungwa kwenye wavu wa waya, ukitoka kwenye mmoja utafute kwa macho unaofuata.

Dada Pili

Hamjataja dungusi kakati. Beba kibano na selotepu. Miiba mikubwa mtoto anaiona anaikwepa. Balaa ni vile vinyweleo vidogo, unabandika selotepu juu ya ngozi unabandua, vinatoka navyo.

Kama mama ni Mkatoliki mpelekeni pia Chapel of the Holy Cross, ilijengwa 1956, imechomekwa katikati ya miamba na msalaba mkubwa ndio ukuta wa mbele. Hakuna kiingilio.

Mtoto wa Kalenga

MREJESHO

Wakuu, tumerudi salama. Tulitoka saa kumi na robo (shemeji alikuwa anatafuta kofia). Saa kumi na mbili na nusu tuko Bell Rock, maegesho yalishaanza kujaa, nikaelewa kelele zenu.

Mama alitembea kututangulia wote. Kanga kichwani, fimbo mkononi, kila anayepishana naye anamwambia "morning" yeye anaitikia "marahaba". Courthouse hatukuzunguka yote, saa tatu maji yalikuwa nusu tukageuza. @Kivu_Tucson Mungu akubariki, dumu la pili nalo liliisha.

Selotepu ilitumika. Siyo kwa mtoto, ni shemeji, alitaka kuonja tunda la dungusi.

Kule kanisani mama alikaa karibu saa nzima akiangalia ile miamba kupitia kioo. Nilipomuuliza vipi, akasema panafanana na Isimila, ila Isimila akienda huwa anakuta mlinzi na mbuzi wawili tu, huku hata pa kuweka gari unagombania.

Sasa anataka Devil's Bridge. Nimemwambia mwezi wa kumi joto likipungua, akasema viza yake inaisha wa tisa. Kuna mwenye Jeep?

Chalii wa Njiro

Nilisema mimi.