Chakula cha mchana chenye wanga kidogo: kipi kinafika saa saba salama bila friji ofisini?

Mbio_za_Jioni

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri wa wanaojua lishe na jiko kwa vitendo. Kazi ni Upper Hill, Nairobi, safari inaanzia Rongai saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mapumziko ya mchana ni dakika 40 kuanzia saa saba. Ofisini hakuna friji. Maikrowevu ni moja kwa ghorofa nzima na foleni yake humaliza mapumziko yote. Jumatatu na Ijumaa jioni ni mbio za kawaida za kilomita 8 hadi 10, Jumatano ni mbio za kasi za vipindi. Nataka mlo usiozidi gramu 35 hivi za wanga, wa vyakula vya soko la kawaida, unaoshibisha hadi jioni. Nipakie nini, kiasi gani, na nifunge vipi? Uzito ni kilo 72, sina kisukari wala presha.

LisheKwaVipimo

Karibu. Nitaanza na kiasi, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Mtu akiambiwa apunguze wanga, anaondoa ugali na kuacha sahani ilivyobaki: sukuma kidogo na kipande kimoja cha kuku. Hapo hata kalori 300 hazijafika. Saa kumi njaa inarudi kwa nguvu, anashuka kununua mandazi mawili, na kile alichokiepuka mchana anakila kabla jua halijatua. Ugali ukitoka, lazima kitu kikae mahali pake.

Kwanza ujue unaondoa nini. Unga wa mahindi au wa ngano, robo tatu ya uzito wake ni wanga. Ugali uliosongwa kwa gramu 150 za unga una karibu gramu 110. Chapati moja ya gramu 60 za unga ina karibu 45, kwa hiyo chapati mbili na kikombe cha ndengu zinakufikisha kwenye 130 hivi. Wali uliopikwa ni gramu 28 kwa kila gramu 100. Nduma na viazi vitamu ni chakula kizuri, lakini usijidanganye kwamba ni vya wanga kidogo.

Kwa kilo 72 na mbio mara tatu kwa wiki, lenga protini ya gramu 110 hadi 120 kwa siku, mchana upate 35 hadi 40. Kiasi hicho ni gramu 150 za paja la kuku lililopikwa bila mfupa. Au mkebe wa tuna wenye gramu 150 baada ya kumwaga maji. Au mayai manne pamoja na njugu gramu 40. Yai moja lina gramu 6 tu za protini, kwa hiyo mayai mawili ni kionjo, si mlo.

Mafuta ndiyo yanayokufikisha jioni: gramu 100 za avokado, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta uliyokaangia mboga. Mboga zenyewe ziwe gramu 250 hadi 300 zikiwa mbichi. Jumla inakuwa kalori 550 hadi 650, na wanga gramu 20 hadi 25, sehemu kubwa ikiwa ni nyuzinyuzi.

Sasa mbio. Kilomita 8 za mwendo wa kawaida mwili wako unazimudu kwa akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli tangu usiku uliotangulia. Mbio za kasi ni jambo lingine: misuli ikifanya kazi kwa nguvu nyingi hutegemea wanga, na akiba ikiwa chini miguu inakuwa mizito hata ujilazimishe vipi. Jumatano, saa kumi au kumi na nusu, kula ndizi moja ya kuiva (gramu 27 hivi) au kiazi kitamu kidogo cha kuchemsha. Na usiku baada ya mbio, kula ugali au githeri yako bila wasiwasi, kwa sababu hapo ndipo misuli hujaza akiba. Unapunguza wanga wa mchana, si wa siku nzima.

Jiko_Wangige

Kiasi kimeshaelezwa vizuri. Mimi nishike upishi na ufungaji, maana chakula kizuri kikifungwa vibaya kitakulaza.

Kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa saba ni saa saba na nusu. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa kati ya nyuzi joto 4 na 60 kwa zaidi ya saa mbili. Baridi ya Julai ya Nairobi haihesabiki kama friji. Nyuzi 15 bado ni raha kwa vijidudu. Kwa hiyo una njia mbili tu: kiwe baridi kabisa au kiwe moto kabisa. Kile cha vuguvugu kilichofungwa asubuhi kutoka kwa sufuria ndicho kinachopeleka watu msalani saa kumi.

Njia ya baridi. Pika usiku, tandaza chakula kwenye sinia pana kipoe upesi, kisha kiingie friji kabla saa mbili hazijaisha. Sufuria nzima ikiingia ingali moto, katikati yake inakaa na joto muda mrefu. Gandisha chupa mbili za maji za nusu lita, ukiacha nafasi ya vidole vitatu juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka na kupasua chupa. Alfajiri panga kwenye mfuko wa kuhifadhi baridi: chupa chini, mkebe katikati, chupa juu. Mchana maji hayo utayanywa.

Kwa njia hii kuku wa paja ni bora kuliko kidari. Kidari kikipoa hukauka na kuwa kama uzi. Paja lina mafuta, linabaki laini hata bila kupashwa. Chukua gramu 800 za paja lisilo na mfupa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, kijiko cha chai cha bizari na maji ya ndimu moja. Acha dakika 30. Ukizidisha saa nyingi kwenye ndimu nyama inakuwa ya unga. Kausha kwa karatasi ya jikoni kabla ya kuweka kwenye kikaango, vinginevyo itachemka badala ya kukaangika. Dakika 6 hadi 7 kila upande kwa moto wa wastani, maji yanayotoka yawe meupe bila wekundu. Hapo una milo minne. Friji inakihifadhi siku tatu hadi nne, kwa hiyo cha Jumapili kinafika Jumatano. Cha Alhamisi na Ijumaa gandisha tangu mwanzo au upike upya. Stima ikipotea, usifungue friji. Ikifungwa hushika baridi kama saa nne.

Badala ya wali, kabeji. Katakata nyembamba sana, gramu 250 kwa mtu mmoja, kikaango kiwe cha moto hasa, dakika tatu au nne bila kufunika. Chumvi itie mwisho. Ukitia mapema kabeji inatoa maji, na mkebe wako utafika Upper Hill ukiwa supu. Sababu hiyo hiyo inahusu kachumbari: nyanya, kitunguu, dania na hoho funga bila chumvi wala ndimu, kisha utie hapo mezani. Avokado usiikate nyumbani. Ibebe nzima pamoja na kisu kidogo. Hass ikiiva hugeuka nyeusi, Fuerte hubaki kijani, kwa hiyo kwa Fuerte bonyeza polepole karibu na kikonyo, ikilegea imeiva.

Njia ya moto inahitaji chupa ya chakula ya kuhifadhi joto, yenye mdomo mpana. Ijaze maji yanayochemka, funga dakika 10, mwaga, kisha tia mchuzi ukiwa unachemka kweli kweli, ujae hadi karibu na kifuniko. Nusu chupa hupoa haraka. Usifungue hadi saa saba. Mchuzi wa kuku, maharagwe machanga ya kijani na tui la nazi unafaa sana. Ukikuta mchana chakula ni vuguvugu tu, chupa hiyo haifai kwa saa zote hizo, hata kama bei yake ilikuwa kubwa. Mboga za majani usizitie humo: joto la muda mrefu linaua kijani chake, zinageuka rangi ya kaki, na kabeji hutoa harufu ambayo ofisi nzima itaijua.

Mbio_za_Jioni

Asanteni sana, haya ndiyo niliyoyatafuta. Maswali mawili zaidi. Mayai ya kuchemsha yakipakiwa yana mzunguko wa kijani na harufu kali, kosa ni nini? Na siku ambayo sikupika kabisa, naagiza nini kibandani?

Jiko_Wangige

Mayai yamepita kiasi. Kiini kina chuma, ute una salfa, na joto la muda mrefu huvikutanisha. Hayana madhara, ila yananuka. Dakika za kwenye mapishi ya mtandaoni nyingi ni za watu wa pwani ya bahari. Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700 na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo yai linahitaji muda zaidi kidogo. Maji yachemke kwanza, ingiza mayai kwa kijiko, hesabu dakika 12, kisha moja kwa moja kwenye maji baridi sana kwa dakika 5. Hiyo hatua ya maji baridi ndiyo watu huiruka, na yai linaendelea kuiva ndani ya ganda. Beba na maganda yake, umenyee mezani.

Baiskeli_Thika_Rd

Kibandani niruhusu nijibu, maana humo mna mitego. Agiza sukuma au managu sahani mbili, maini au nyama ya kukaangwa kavu, kachumbari na avokado, bila ugali. Sema "kavu" waziwazi. Mchuzi mzito mara nyingi umefungwa kwa unga, au umetiwa viungo vya pakiti vyenye wanga wa mahindi na chumvi nyingi. Maharagwe mara nyingi yana viazi ndani. Samaki mzima wa kukaangwa ni mzuri, hakikisha tu hakuvingirishwa kwenye unga. Soseji, smoki na kebab ziache: zina unga au makombo ya mkate, na protini yake ni ndogo kuliko unavyodhani. Mayai ya muuzaji wa pembeni mwa stendi ni heri kuliko hizo, mradi kachumbari imekatwa wakati huo na si ya ndoo iliyokaa juani tangu asubuhi.

Na weka akiba kwenye droo ya ofisi: mikebe miwili ya tuna au sadini, njugu, chumvi kidogo. Havihitaji friji mpaka ufungue. Njugu chagua zisizo na ukungu, zisizosinyaa wala kubadilika rangi. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu (aflatoxin), haiondoki kwa kukaanga, kwa hiyo ile chungu iteme, usimeze kwa aibu.

MamaKunde

Naona ndengu zimetupwa nje haraka mno. Gramu 100 za ndengu zilizopikwa, nusu kikombe, zina wanga gramu 19, lakini 7 au 8 kati ya hizo ni nyuzinyuzi, na protini gramu 7. Nusu kikombe pamoja na mayai matatu, mboga na avokado bado ni ndani ya gramu 35 ukitoa nyuzinyuzi. Tena ni nafuu. Kosa ni kuzila pamoja na chapati, si ndengu zenyewe. Zichemshe hadi ziive lakini zisipondeke, mwaga maji, changanya na kitunguu, nyanya iliyotolewa mbegu, dania na kijiko cha mafuta. Zinaliwa baridi bila shida.

LisheKwaVipimo

Nakubali kabisa, dada. Kikombe kizima, ukihesabu na nyuzinyuzi, ndicho kinachomaliza kiwango chote peke yake.

Niongeze tahadhari ambayo ningepaswa kuitaja mapema. Siku za mwanzo mizani inaweza kushuka kilo moja au mbili, na hayo ni maji: akiba ya wanga hukaa pamoja na maji mwilini, ikipungua maji yanatoka, na chumvi hutoka nayo kwenye mkojo. Ndiyo maana wengine huumwa kichwa au kizunguzungu huwashika wakisimama. Kwako, usiye na presha na unayetoka jasho, kikombe cha supu ya mifupa yenye chumvi ya kawaida kinatosha. Ila msomaji mwingine anayetumia insulini au vidonge vya sukari kama glibenclamide asipunguze wanga kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu dozi ile ile na chakula kidogo vinaweza kushusha sukari hadi mtu azimie. Mwenye ugonjwa wa figo naye asiongeze protini kwa ushauri wa hapa.

Mbio_za_Jioni

Nimeelewa. Na omena je? Nyumbani zipo kila mara.

MamaKunde

Omena zinafaa, zaidi ya nusu ya uzito wake zikiwa kavu ni protini, na mifupa yake inaliwa, kwa hiyo unapata kalsiamu bila maziwa. Pima gramu 60. Chambua, zioshe kwa maji ya moto mara tatu au nne hadi mchanga usionekane chini ya bakuli, kisha zikaushe kwenye sufuria bila mafuta dakika 5. Tia mafuta vijiko viwili na ukaange hadi zivunjike zikibanwa. Za mchuzi ziache za nyumbani, kwa sababu harufu iko kwenye mvuke wa mchuzi. Za kukaangwa kavu funga kwenye mkebe wake peke yake zikishapoa kabisa, zikifungwa na joto zinalegea. Ndimu kata hapo hapo.