Tumeomba mabuti na koleo za kuzibulia mitaro, manispaa inatuambia tukakope mtaji wa biashara

Wakuu, salaam. Jambo hili nimekaa nalo tangu mvua za masika nikidhani hasira zitapoa, lakini zinazidi, kwa hiyo naliweka hapa.

Kikundi chetu kina watu kumi na wanane, kina katiba na cheti cha usajili cha halmashauri, na kila Jumamosi tunazibua mitaro ya mtaa, kisha tunawatembelea wazee wasio na mtu wa kuwaangalia. Hakuna anayelipwa. Tuliomba mabuti, glovu, koleo, toroli mbili na nauli ya kuwafikisha wazee kliniki. Jumla yake shilingi milioni moja na laki tatu kwa mwaka mzima. Barua ikapita kwa mwenyekiti wa mtaa, ikagongwa muhuri na mtendaji wa kata, ikafika manispaa na kulala huko miezi minne, hadi tulipojibiwa kwa mdomo, tena koridoni, kwamba hakuna kasma, yaani fungu la bajeti, ya watu wa kujitolea, hivyo tujaze fomu za asilimia kumi.

Asilimia kumi ni ile ya kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinachoitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo siupingi, umewainua wengi. Lakini ni mkopo. Hauna riba, sawa, ila unarejeshwa, na marejesho hutoka kwenye biashara. Sasa naomba mtu anieleze mtaro uliozibuliwa unauzwa soko gani, na bibi wa miaka themanini tuliyempeleka kupima presha atatuletea faida ya shilingi ngapi kwa mwezi.

Nilipomuuliza afisa swali hilo, alinishauri, bila hata kushusha sauti, tuandike kwamba tunafuga kuku wa mayai, fedha zikishatoka tutajua wenyewe la kufanya. Hapo ndipo nilipochukia kweli. Mwaka 2023 Serikali iliisitisha mikopo hii na kuirejesha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, baada ya ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kulalamikia mara kwa mara vikundi hewa na madeni yasiyolipika. Wakati huo huo, mtumishi wa umma anakifundisha kikundi halisi, chenye watu wanaoonekana kwa macho wakiwa wamejaa tope hadi magotini, namna ya kugeuka hewa kwenye karatasi! Tukishindwa kurejesha, watakaoandikwa wadaiwa sugu ni sisi.

Tulijaribu pia Mfuko wa Jimbo, ambao kamati yake huongozwa na mbunge. Tukaambiwa fedha zimekwishapangiwa mabati na saruji. Hilo tulilimeza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba manispaa inatufahamu vizuri sana inapotuhitaji. Mwenge ulipopita tulipigiwa simu usiku tusafishe njia na kupanga foleni tukiwa na fulana zetu, na picha zetu tukazikuta kwenye taarifa ya robo mwaka chini ya maneno "ushirikishwaji wa jamii". Fulana hizo, kwa taarifa yenu, tulizichangia wenyewe.

Najua atatokea wa kusema kwamba aliyejitolea hapaswi kudai. Tulichojitolea ni nguvu na Jumamosi zetu, na mitaro hiyo ni kazi ya manispaa, ambayo ingelazimika kumlipa mkandarasi. Wala hatutaki asilimia kumi ya akina mama na vijana iguswe. Tunataka katika ile tisini inayobaki kuwe na fungu dogo la ruzuku kwa vikundi vya kujitolea, litangazwe kwenye mbao za matangazo za kata zote, waliopata na waliokosa wajulikane kwa majina na sababu, na kila kikundi kirudishe stakabadhi za manunuzi kabla ya kuomba tena.

Aliyepo kwenye halmashauri yenye kasma ya namna hiyo, naomba aniwekee hapa inavyosomeka katika kitabu cha bajeti. Diwani wetu amekubali kuipeleka kwenye kamati ya fedha, ila anadai hajawahi kuiona popote na hataki kwenda mikono mitupu.