Kaka amemaliza dozi ya TB lakini bado anahema kwa shida. Alikuwa mwanaapolo (mchimbaji wa tanzanite) Mererani

Habari za humu wakuu. Kaka yangu amekuwa mashimoni tangu 2009, muda mwingi kwenye kuchoronga, yaani kutoboa miamba kwa mashine. Siku hizi akipanda kilima kidogo tu lazima asimame, na kikohozi kikavu hakimwachi. Hospitali ya huku walimpiga picha ya kifua wakasema TB, ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Miezi sita ya dawa imeisha, hali ni ileile, sasa wanataka aanze upya. Mama anasisitiza maziwa yasafishe kifua. Tufanyeje?

Tabibu wa Zamu: Pole sana mkuu. Kuna aliyemuuliza anafanya kazi gani? Vumbi la miamba lina madini yanayoitwa silika. Chembe zake ni ndogo mno, zinashuka hadi mwisho kabisa wa mapafu, mwili unashindwa kuzitoa, na zinapokaa panaota makovu hadi mapafu yanakakamaa. Hiyo ni silikosisi, na kwenye picha inaweza kufanana sana na TB. Ila TB msiifute bado, maana mwenye silikosisi huipata kirahisi kuliko wengine. Makohozi yapimwe tena kwa GeneXpert, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya TB. Mpelekeni hospitali ya Kibong'oto, kule Siha, wanawajua wachimbaji. Bebeni na picha za zamani zilinganishwe.

Mwanaapolo Mstaafu: Maziwa yanaenda tumboni, mkuu. Tajiri wetu, yaani mwenye shimo, alikuwa hodari wa kugawa maziwa, lakini maji ya kuchorongea hakuleta. Tunachoronga kavu, baruti ikilipuka tunarudi chini vumbi halijatulia, leso puani. Ukitema, mate meusi tii kwa kinywe, yale madini meusi ya grafiti. Na kinywe unakiona, silika huioni.

Mleta uzi: Kwa hiyo atapona?

Tabibu wa Zamu: Sikufichi, makovu hayafutiki. Aachane na vumbi leo, na sigara kama anavuta. Ugonjwa unaweza kuendelea hata akishatoka shimoni, kwa hiyo kliniki asiache.

Kokoto: Vipi fidia?

Mwanaapolo Mstaafu: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unatambua magonjwa ya kazini, tatizo unamwangalia aliyeajiriwa. Sisi wengi tulikuwa tunakula chakula cha tajiri tukisubiri asilimia ya mawe yakipatikana, mkataba hakuna. Tafuteni chochote chenye jina lake: kitambulisho cha getini, daftari la shimo. Halafu muulizeni mwanasheria.

Fundi Vigae: Samahani kuingilia uzi. Mimi nakata vigae na granaiti kwa grenda, jioni nyusi nyeupe kama mzee. Nami nimo?

Tabibu wa Zamu: Umo. Hata zege lina silika. Kata huku unamwagia maji, vaa barakoa ya N95 inayobana vizuri usoni. Kitambaa hakizuii zile chembe.

Mleta uzi: Asanteni wakuu. Picha ya kwanza ilibaki hospitalini, kesho naifuata. Tajiri wake nimempigia, hapokei.