Naomba ushauri: mbolea ya kujitengenezea, niko Bombo, Uganda

MkulimaBombo
Salaam wakulima wenzangu. Nina eka moja hapa Bombo, nusu migomba na kahawa, nusu mahindi na maharage. Udongo umechoka. Msimu uliopita mahindi yalikuwa ya njano kuanzia majani ya chini, kabla hata ya kutoa mbelewele. Mbolea za dukani, DAP na urea, siziwezi sasa. Nina samadi ya mbuzi, majivu ya jikoni, na maganda ya kahawa naweza kuyapata kwenye kinu, nilipie usafiri tu. Nichanganye vipi ili mvua za Septemba zinikute tayari?

Mama Shamba
Mwanangu, njano ya majani ya chini mara nyingi ni upungufu wa nitrojeni. Maganda ya kahawa usiyafukie peke yake: yanaoza polepole, na vijidudu vinavyoyaozesha hula kwanza nitrojeni ya udongo. Yapange tabaka kwa tabaka na samadi na majani mabichi, nyunyizia maji hadi ukifinya konzi moja uone unyevu, lakini maji yasitiririke. Kimo na upana wa lundo hilo la mboji visipungue mita 1, kwani lundo dogo halipati moto. Chomeka kijiti kirefu katikati, ukichomoe baada ya siku chache na kukishika. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji na samadi. Pindua kila wiki 2 au 3. Ukianza Juni, Septemba unayo.

Juma_Luweero
Majivu usimwagie samadi mbichi! Nitrojeni inapaa kama amonia, ile harufu inayochoma pua. Yaweke pakavu, kisha nyunyiza kidogo kwenye migomba. Yana potasiamu na hupunguza asidi ya udongo, ila yakizidi yanaharibu.

MkulimaBombo
Asanteni sana. Migomba yenye kiwotoka, yaani mnyauko wa bakteria, je, niikatekate niitie kwenye lundo?

Mama Shamba
Usithubutu! Tangu ugonjwa huo ugunduliwe Uganda mwaka 2001, umemaliza mashamba mengi ya matoke. Bakteria wamo kwenye utomvu, na panga lililokata mgomba mgonjwa linaambukiza mzima. Pitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mwingine. Kwenye lundo tia majani ya migomba mizima tu.

Nakaseke_Kijani
Nitrojeni ya bure iko kando ya barabara: alizeti mwitu, ile yenye maua ya njano. Ikate kabla haijachanua, katakata majani na matawi laini, jaza nusu ya pipa, ongeza maji, funika. Koroga kila siku chache. Baada ya wiki 2 chuja, changanya kipimo 1 na maji vipimo 2, mwagia kwenye mashina ya mahindi yakiwa yamefika kimo cha magoti. Inanuka vibaya, lakini mahindi yanaipenda. Mboji ya Mama Shamba weka konzi 2 kila shimo wakati wa kupanda, uichanganye na udongo kabla ya mbegu.