Vyuo vya Marekani vimeanza kulipa wanamichezo, mzigo wametwishwa watoto wetu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Mpwa wangu ni mkimbiaji wa mita 5,000, yuko Manyara. Kocha wa chuo kimoja cha Marekani (jina naliacha) alimtafuta mwenyewe. Alimpigia simu ya video, akaongea na dada yangu, akaangalia muda wake wa uwanjani, akasema mtoto ana nafasi na ufadhili, kilichobaki ni karatasi tu. Tukahangaika na hizo karatasi: matokeo ya NECTA kuhakikiwa, mtihani wa Kiingereza, kujiandikisha NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani) kwa ada ya dola, pasipoti. Dada aliuza ng'ombe. Kisha zikaanza danadana. Ujumbe unasomwa, haujibiwi. Mwisho wa yote ikaja mistari miwili: orodha ya timu imepunguzwa, na nafasi iliyobaki amepewa mkimbiaji anayehamia kutoka chuo kingine, "mwenye uzoefu". Basi. Hakuna pole, hakuna maelezo.

Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, nimekosa nini?" Hajakosa chochote.

Najua kuna watakaoniambia napinga wanamichezo kulipwa. Sipingi, na sitapinga kamwe. Haki za kurusha mashindano ya kikapu ya NCAA ziliongezewa mkataba wa dola bilioni 8.8 kwa miaka minane, hadi 2032. Hasheem Thabeet wetu aliichezea kikapu UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), akaifikisha nusu fainali ya taifa 2009, jumba linajaa, televisheni zinavuna, na mshahara hana hadi alipochaguliwa wa pili katika drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ya NBA, ligi ya kulipwa, mwaka huohuo. Ule ulikuwa unyonyaji, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoipiga NCAA kwa kura 9 kwa 0 Juni 2021 nilifurahi. Mwezi uliofuata wachezaji wakaruhusiwa kuuza jina na sura zao kwa matangazo. Safi kabisa.

Kinachoniudhi ni namna vyuo vilivyoamua kulipia haki hiyo. Juni 6, 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliidai NCAA malipo: karibu dola bilioni 2.8 za fidia kwa wachezaji wa nyuma, na kuanzia Julai 1 chuo kinaweza kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, kwa mwaka wa kwanza mwisho dola milioni 20.5. Huyo House mwenyewe ni Grant House, muogeleaji wa Arizona State. Muogeleaji! Sasa tazameni hela zinakoelekea. Mgawanyo unaofuatwa na vyuo vingi vikubwa ni kama asilimia 75 kwa futiboli ya Kimarekani, 15 kwa kikapu cha wanaume, 5 kwa kikapu cha wanawake, na hizo 5 zilizobaki wagawane wengine wote. Waogeleaji, wakimbiaji, warusha mkuki, wote humo.

Ndani ya makubaliano hayohayo wakaweka kikomo cha idadi ya wachezaji katika kila timu. Kwa vyuo vilivyojiunga, mbio za nyika mwisho ni 17. Kocha aliyekuwa akibeba vijana wengi ili awakuze taratibu, leo hana pa kuwaweka. Watoto waliokuwa tayari vyuoni walipigwa chini, na waliokuwa na ahadi tangu sekondari wakaambiwa nafasi hakuna. Jaji mwenyewe aliliona hilo na akagoma kuidhinisha hadi watoto hao wakingwe. Ndipo kwenye makubaliano ikaandikwa kwamba watoto hao wakirudishwa hawatahesabiwa katika kikomo. Lakini chuo hakilazimishwi kumrudisha mtu. Sasa ni kinga gani hiyo?

Ongeza suala la kuhama. Zamani mchezaji wa futiboli au kikapu akihama chuo alikaa nje mwaka mzima. 2021 wakaruhusu ahame mara moja bila kukaa nje, na 2024 wakaondoa kikomo kabisa kwa michezo yote, ilimradi masomo yake yako sawa. Leo vyuo vinasajili kama Simba na Yanga dirisha likifunguliwa: nani yuko tayari, anataka kiasi gani, aje msimu huu. Kocha ana hofu ya kibarua chake, anataka pointi mwaka huu. Kwa nini amchukue kijana wa miaka 19 anayehitaji misimu miwili kuiva, wakati anaweza kumpata wa miaka 23 aliyekwishaiva kwa jasho la kocha mwingine? Aliyetoka sekondari, awe wa Texas au wa Mbulu, amesogezwa nyuma ya foleni.

Mtasema mbona Wakenya bado wanakwenda. Ndiyo, wanakwenda. Doris Lemngole wa Alabama alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa 8:58.15 katika mashindano ya NCAA ya 2025. Mtu wa kiwango hicho hafungiwi mlango popote duniani. Mimi namsemea yule wa katikati, ambaye miguu ingemlipia shahada tu, na shahada ndiyo ingemtoa.

Na hata akifika, hela hizi si zake. Mwenye visa ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, anaruhusiwa kazi za ndani ya chuo, muhula ukiendelea mwisho saa 20 kwa wiki. Akipiga tangazo la biashara ndani ya Marekani anaweza kupoteza visa. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa mchezaji bora wa kikapu wa vyuo 2022, na ilibidi kazi za matangazo azifanye Bahamas timu yake ya Kentucky ilipokwenda kucheza huko. Mchezaji bora wa nchi nzima! Mwenzake Mmarekani anapiga tangazo hilo mtaa wa pili kutoka bwenini. Wanasheria wanabishana hadi leo, na Bunge lao halijaona haraka.

Suleiman Nyambui alitoka Majita akaenda chuo cha El Paso, Texas, akabeba mataji ya NCAA mfululizo, na katikati ya masomo akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow 1980. Gidamis Shahanga naye alipita chuo hichohicho. Riadha yetu ilijengwa na njia hiyo kuliko na bajeti yoyote ya serikali, na sasa inazibwa huku tunatazama.

Mzazi mwenye mtoto anayefuatwa sasa hivi: ahadi ya mdomo usiipokee. Ile barua ya zamani ya kujifunga na chuo waliifuta Oktoba 2024, kwa hiyo dai mkataba wa ufadhili wenye sahihi, unaotaja ni wa miaka mingapi. Uliza kama chuo kimejiunga na makubaliano ya House, na orodha ina nafasi ngapi leo. Kocha akianza kuzungukazunguka, usiuze kitu.

Nimemwandikia mkurugenzi wa michezo wa chuo kile nikitaka maelezo na gharama za dada yangu. Akijibu nitayaweka hapa yote. Na kama mwanao amefanyiwa hivi, taja mchezo na alichoambiwa, jina la mtoto usiweke.