"B yetu ni A ya kwingine": nimetoka shuleni natetemeka, jamani

Chozi la Simba

Wakuu, naandika nikiwa kwenye gari nje ya shule, sijawasha hata injini. Shule siitaji. Mnaoishi upande huu wa Texas mnaijua, na yule mshauri wa vyuo mnamjua zaidi, yule wa tai za maua, aliyewaliza wazazi wa watu mwaka jana na mwaka juzi. Leo imefika zamu yangu.

Tumeitwa mimi na binti yangu, yuko darasa la kumi na mbili, tukapange vyuo vya kuomba. Kumbe tumeitwa kwenye mazishi. Bwana kafungua kompyuta, kaleta ile grafu ya vitone ya chuo anachokitaka binti yangu. Kila kitone ni mtoto wa shule ile aliyewahi kuomba chuo hicho, kijani kakubaliwa, chekundu kakataliwa. Kachukua kifuniko cha kalamu, kakigonga kwenye kioo, tk, tk, chini kabisa ya vitone vyote vya kijani. Kasema, "Tuwe wakweli, mama. Mwanao yuko hapa." Halafu katwambia tukifute chuo hicho kwenye orodha, GPA, yaani wastani wa alama zake zote, haitoshi.

Haitoshi! GPA waliyoipika wao wenyewe!

Huyu ndiye aliyesimama mbele ya wazazi siku ya kutukaribisha akasema, "B yetu ni A ya kwingine, na vyuo vinalijua hilo." Tangu hapo kila mzazi akiuliza alama anajibiwa hivyo hivyo. Hesabu? B yetu ni A ya kwingine. Historia? B yetu ni A ya kwingine. Ukianguka kwenye ngazi zao ukavunjika mguu watakwambia mguu wetu uliovunjika ni mzima wa kwingine. Sasa leo ndiyo siku ambayo hiyo B ilitakiwa kugeuka A, na mtu wa kwanza kuisoma kama B ni yeye.

Niwape mfano wa kemia, maana hiyo ndiyo inayoniua. Darasa la AP, yale masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari. Mtoto kamaliza na 89.4. Mwalimu kagoma kuipandisha iwe A, eti kuchezea desimali ni kushusha viwango. Haya. Mwezi wa tano akafanya mtihani wenyewe wa AP, ule wa nchi nzima, unaosahihishwa na watu wasiomjua yeye wala mama yake. Kapata 5. Juu ya 5 hakuna kitu! Nchi nzima inasema mtoto anaijua kemia isipokuwa mtu mmoja kwenye jengo lile. Huyu mtoto hata akigundua elementi mpya kesho asubuhi, watampa B kwa sababu kaiandika kwa kalamu ya bluu.

Na bado. Hapa Texas kuna sheria tangu 1997, mtoto akiwa kwenye asilimia 10 ya juu ya darasa lake anaingia chuo kikuu cha serikali moja kwa moja. UT Austin, Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, wao wamebana, kwa wanaoingia kuanzia 2026 ni asilimia 5. Sasa shule yetu haitoi nafasi darasani, yaani haisemi mtoto kashika namba ngapi, wanasema nafasi zinawavunja watoto moyo. Kwa hiyo mlango huo wameufunga. Tukirudi kwenye alama, alama wamezibana. Mtoto apitie wapi?

Turudi kwa kifuniko cha kalamu. Binti yangu hakulia. Alikuwa anakwangua kwa kucha ukingo wa ile meza, pale plastiki ilipobanduka, macho yako kwenye kile kitone. Bwana akaona amenyamaza, akataka kumfariji. Mnajua kasema nini? Wakuu, mnajua KASEMA NINI?

"Usijali. Kumbuka B yetu ni A ya kwingine."

Dakika ileile! Mkono bado uko kwenye kioo!

---

Mzee wa Kazi

Tai za maua hahahaha. Namjua huyo. Kijana wangu alimpangia vyuo vitatu ambavyo hata yeye mwenyewe alikuwa anavisoma jina kwa kukwama. Pole sana dada.

---

Fundi Sanifu

Dada, unalipa ada ya shule ngumu halafu unalia shule ni ngumu. Ulitaka iwe ngumu kwa watoto wa wenzio tu?

---

Chozi la Simba

Fundi soma tena. Ugumu sijaulalamikia. Mtoto kaukubali ugumu, kalala saa nane usiku, kapata 5. Nalalamika kwamba walituahidi ugumu utahesabiwa, na siku ya kuhesabu wao ndio wa kwanza kuukana. Mtu anakuambia B ni A, halafu anakuambia huwezi kuomba kwa sababu una B. Kwenye sentensi mbili zinazofuatana!

---

Msomi wa Mtaani

Ngoja nivuruge kidogo. Kuna utafiti wa Hurwitz na Lee uliangalia wanafunzi waliofanya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo. Mwaka 1998 wenye wastani wa A walikuwa asilimia 38.9. Mwaka 2016 wamefika asilimia 47. Kipindi hichohicho wastani wa SAT umeshuka kutoka 1026 hadi 1002. Yaani A zimeongezeka, uwezo haujaongezeka. Na shule zilizoongoza kwa kupandisha alama ni za binafsi, za wenye nazo. Kwa hiyo mama, hii hadithi ya shule binafsi zinazobana alama haiendani na hesabu. Au mnasoma ya peke yenu.

---

Chozi la Simba

Ndiyo, tunasoma ya peke yetu! Hilo ndilo ninalolilia! Kama wenzao wote wanagawa A kama karanga za msibani, hii B ya mwanangu itaonekana vipi? Umenitetea bila kujua.

---

Binti Pwani

Mimi nimewahi kufanya kazi ya muda ofisi ya udahili, nilikuwa napanga mafaili. Niseme nilichokiona. Transkripti haiji peke yake, inakuja na karatasi ya maelezo ya shule. Pale wanaandika masomo wanayotoa, AP ngapi, alama zimegawanyika vipi, wanatoa nafasi au hawatoi. Na msomaji mara nyingi amepewa eneo lake, shule hizo anazisoma kila mwaka. Anamlinganisha mtoto na wenzake wa shule ileile kwanza. Kwa hiyo mshauri hajadanganya kila kitu, vyuo vingine kweli vinaijua shule.

Ila muulize jambo moja: hiyo karatasi ya shule yenu inaonyesha mgawanyo wa alama? Kama hawajaandika kwamba A kwenye kemia ya AP wamepata wachache, msomaji atajuaje? Kuna shule zinajaza karatasi hiyo picha za maktaba na maneno matamu, mgawanyo wa alama hawaweki. Omba nakala uione mwenyewe.

---

Kaka wa Zamu

Dada Binti Pwani umeongea vizuri lakini umekuwa mpole mno. Kuna jaribio lilichapishwa kwenye jarida la PLoS ONE mwaka 2013. Waliwapa wataalamu wa udahili mafaili, wakawaonyesha GPA ya mwombaji NA wastani wa GPA wa shule anakotoka. Yaani taarifa yote mezani. Bado walimpendelea mwenye GPA kubwa kutoka kunakogawiwa alama, kuliko mwenye GPA ndogo kutoka kunakobanwa. Taarifa wanayo na bado jicho linakwenda kwenye namba kubwa.

Na Princeton nao walijaribu kubana. Mwaka 2004 wakaweka lengo A zisizidi asilimia 35 kila idara. Wanafunzi wakalia miaka kumi, 2014 wakaifuta. Princeton! Chenye jina kuliko vyote! Sasa kashule kenye tai za maua ndiko kataweza?

---

Chozi la Simba

Kaka wa Zamu nimekupigia makofi humu garini peke yangu. Hiyo ya 2013 nitaichapa kwa wino mzito nimpelekee, niigonge mezani kwake kwa kifuniko cha kalamu.

Na karatasi ya shule naiomba kesho asubuhi, Binti Pwani, asante.

---

Fundi Sanifu

Ila hujajibu. Kwa nini usimhamishie shule ya serikali mapema? Mtoto mwenye 5 ya kemia pale angekuwa asilimia 5 ya juu huku anasinzia, UT Austin mlango wazi, ada yako iko benki.

---

Mama Subira

Fundi hujui unachosema, pole. Sisi tuko shule ya serikali, hii hii Texas. Darasa la mwanangu lina watoto zaidi ya 700 na wanagombea nafasi kwa desimali ya tatu. Watoto wanaacha muziki, wanaacha kuchora, kwa sababu somo lisilo la AP linahesabiwa juu ya 4 na la AP juu ya 5, ukichukua muziki unashusha GPA yako mwenyewe. Mwanangu alikuwa anapiga tarumbeta vizuri mno. Kaiacha. Amepitwa na watoto wasiojua hata kuimba. Huyo mama anayelia B aje huku aone watu wanavyolia kwa 98.

---

Mzee wa Kazi

Tarumbeta kaiacha?? Hilo ndilo la kulilia sasa.

---

Msomi wa Mtaani

Texas nyinyi mna afadhali, angalau mnajua mstari uko wapi. California tunapigwa gizani. Vyuo vya UC, yaani Chuo Kikuu cha California na matawi yake, vimeacha kuangalia SAT kabisa, si kwamba ni hiari, hawaitazami hata ukiwa na 1600, alama ya juu kabisa. Wanakokotoa GPA yao wenyewe ya darasa la kumi na la kumi na moja. AP zinaongezewa uzito, lakini mwisho mihula minane tu. Mwanangu kachukua AP lundo, mihula inayozidi minane haimwongezei hata nukta. Nani alimwambia? Hakuna. Mshauri wake alikuwa na wanafunzi wengi hata jina lake alikuwa analisoma kwenye bahasha.

---

Mama Subira

Minane tu?? Mbona hawasemi hayo darasa la tisa?

---

Msomi wa Mtaani

Iko wazi kwenye tovuti yao, ila uijue kuitafuta.

---

Chozi la Simba

Jamani uzi ni wa shule kusema B ni A halafu kumzuia mtoto kwa B hiyohiyo. Tarumbeta na California fungueni wenu. Mimi nataka mwenye uzoefu: nikilazimisha tuombe chuo hicho hivyo hivyo, mshauri anaweza kumwandikia mwanangu barua mbaya ya mapendekezo chuoni kwa hasira? Maana ile barua yake sisi hatuioni.

---

Binti Pwani

Omba. Chuo unachagua wewe, si yeye. Barua mbaya ya wazi sikuwahi kuona, nilichoona ni barua baridi, aya mbili, "mwanafunzi mwenye adabu". Mwombeni mwalimu wa kemia barua, huyo mbana desimali. Mtu anayebana alama akisifia, sifa yake ina uzito. Na ile 5 mtoto aiandike mwenyewe kwenye Common App, ile fomu moja ya kuombea vyuo vingi, sehemu ipo, msisubiri shule.

---

Mlinzi wa Usiku

Nyie mnagombania alama, subirini mfike kwenye pesa. Kuna fomu ya kuomba msaada wa ada inaitwa CSS Profile, wanaiendesha haohao College Board wa AP na SAT. FAFSA, ile fomu ya msaada ya serikali, ni salamu tu. CSS wanakuuliza hadi pumzi. Nyumba, madeni, baba wa mtoto yuko wapi na anaingiza nini. Mimi na mzazi mwenzangu hatujasemeshana miaka, chuo kinataka naye ajaze yake! Nimpigie nimwambie nini?

---

Mama Subira

Na wanalipisha kuijaza! Dola 25 chuo cha kwanza, 16 kila kinachoongezeka. Unalipa ili uwathibitishie huna hela!

---

Mlinzi wa Usiku

Kama kipato cha familia hakizidi dola 100,000 ni bure, mama. Usilipe. Mimi nililipa vyuo viwili kabla sijaambiwa.

---

Mzee wa Kazi

Ngoja, nyumba tunayoishi nayo wanaihesabu? FAFSA si hawaigusi?

---

Mlinzi wa Usiku

FAFSA hawaigusi. CSS wanauliza, halafu kila chuo kina sheria yake, kingine kinaihesabu yote, kingine kinaweka kikomo, kingine kinaiacha. Piga simu ofisi ya misaada ya kila chuo.

---

Fundi Sanifu

Mzee umenunua nyumba na hukutuambia?

---

Mzee wa Kazi

Ya benki hiyo. Mlinzi, nitumie ujumbe pembeni hiyo ya kikomo, fomu yangu inafungwa Ijumaa.